Sauti Inayoteremka: Wimbo wa Mwari Anayeaga Kwao



Karibuni tulitoka kisiwani kumsindikiza mwari wetu aliyeolewa Musoma. Basi lilipoiacha Bunda, tukaanza nyimbo. Tulipofika Makutano, pale njia ya Butiama inapochepuka, somo yake akaanzisha wimbo wa kuaga. Kila ubeti ulianza juu, kisha sauti ikateremka taratibu mpaka chini. Mwari akalia. Mmoja wetu akamwambia, "Nyamaza, utaharibu wanja." Tukajiuliza: kwa nini sauti ikishuka, machozi nayo hushuka?

Hukumu ya ala tunawaachia masheikh wetu. Leo tunasimulia historia tu.

Wanamuziki wa kaskazini ya India wameupa mteremko huo jina lake: avaroha. Kupanda ni aroha. Sauti ni saba, na zikishuka kutoka juu husomwa sa, ni, dha, pa, ma, ga, re, mpaka sa ya chini. Kupanda na kushuka si lazima vilingane. Raga ya Bhimpalasi hupanda kwa sauti tano, ikiziacha re na dha, lakini ikiteremka huzipitia zote saba.

Katika Bhairavi, sauti za re, ga, dha na ni hushushwa kidogo, na kwa desturi ndiyo raga ya kufungia hafla. Katika raga hiyo huimbwa Babul Mora, wimbo unaosemwa kuwa ni wa Wajid Ali Shah, mfalme wa mwisho wa Awadh. Mwaka 1856 Waingereza walimwondoa katika ufalme wake, naye akauacha mji wa Lucknow. Huzuni ya kuhama ikaimbwa kama bibi harusi anayeiaga nyumba ya baba yake. Mwaka 1938 K. L. Saigal aliuimba katika filamu, ukaenea.

Muziki wa India ulitufikia kwa bahari na kwa reli. Mwaka 1928 Siti binti Saad alivuka kwenda Bombay kurekodi santuri. Taarabu yetu ikazoea tabla na hamoniamu, na baadaye mahadhi ya filamu za Kihindi. Huku bara, reli ya Mombasa ilifika ziwani, Kisumu, mwaka 1901; meli zikaiunganisha na Musoma na Mwanza, na wafanyabiashara wa Kihindi wakafungua maduka.

Basi, wapenzi, tusimnyamazishe mwari. Wanja hupakwa tena. Mfalme mzima alipotafuta mfano wa uchungu wake, aliuona kwa binti anayeondoka kwao. Uchungu huo si mdogo.

Na wewe mwari, kumbuka: mteremko huanzia sa na huishia sa. Mahali ni pengine, jina ni lile lile. Hata ukiwa Musoma, utabaki binti wa kwenu.

Allah awajaalie ndoa zenye mapenzi na huruma. Amin.