Benzini na Gharama ya Kusubiri Ushahidi

Sheria nyingi za usalama kazini huandikwa baada ya mazishi. Msemo huu tumeuzoea hata haututishi tena. Hata hivyo, yapo mazishi ambayo hayakuzaa sheria yoyote kwa miaka mingi, ingawa sababu ya kifo ilijulikana. Historia ya benzini, kiyeyushi kilichotumika viwandani kwa zaidi ya karne moja, ni ushahidi wa jambo hilo.

Benzini ilitambuliwa mwaka 1825 na Michael Faraday jijini London, katika mafuta yaliyobaki baada ya kushindilia gesi ya taa. Ni kimiminika kisicho na rangi, chenye harufu tamu, na huyeyusha mpira, grisi na gundi kwa wepesi. Kasoro yake ya kwanza ilijionyesha mapema. Mvuke wa benzini unaweza kushika moto hata benzini yenyewe ikiwa na baridi ya nyuzi 11 chini ya sifuri. Mvuke huo ni mzito kuliko hewa, zaidi ya mara mbili na nusu. Kwa hiyo hutambaa sakafuni, ukafikia jiko au cheche iliyo mbali, kisha moto ukarudi hadi kwenye chombo.

Charles Mansfield, aliyegundua namna ya kupata benzini kwa wingi kutoka kwenye lami ya makaa ya mawe, aliyajua hayo kuliko watu wengi wa zama zake. Mwaka 1855 alikuwa akitayarisha sampuli za maonyesho ya Paris pale mtambo wake wa kukenekea ulipofurika na kuwaka. Aliukumbatia mtambo huo unaowaka ili autoe nje, jengo lisiteketee. Alifariki siku chache baadaye, akiwa na umri wa miaka 35. Mansfield alikuwa pia mmoja wa Wasoshalisti wa Kikristo waliotetea vibarua wa London.

Moto, kwa ubaya wake wote, una unyoofu fulani: hauhitaji kamati kuuthibitisha. Kasoro ya pili ya benzini haina unyoofu huo. Mwaka 1897 daktari Santesson wa Sweden alieleza vifo vya wasichana waliofanya kazi katika kiwanda cha matairi ya baiskeli. Damu yao ilikuwa imeharibika. Sumu hiyo huingia kwa pumzi na ngozi, ikashambulia uboho wa mifupa unaotengeneza damu. Miongo ikapita. Katika miaka ya 1970, daktari Muzaffer Aksoy wa Istanbul akaonyesha jinsi saratani ya damu ilivyowaandama mafundi viatu waliotumia gundi yenye benzini katika vyumba vidogo visivyopitisha hewa.

Je, wenye viwanda hawakujua? Mwaka 1948 mapitio yaliyotolewa na Taasisi ya Petroli ya Marekani yalikiri kwamba kiwango pekee kilicho salama kabisa ni sifuri. Waraka huohuo ukapendekeza kiwango cha hadi sehemu 50 katika kila sehemu milioni za hewa. Mwaka 1978 mamlaka ya usalama kazini ya Marekani iliamua kushusha kiwango kutoka sehemu 10 hadi 1. Taasisi hiyohiyo ilikuwa upande wa pili wa kesi iliyofika Mahakama ya Juu, na mwaka 1980 kanuni hiyo ikabatilishwa: serikali, ilisemwa, haikuthibitisha kwamba hatari katika kiwango kilichokuwapo ilikuwa kubwa vya kutosha. Jaji Thurgood Marshall aliandika maoni ya kupinga. Kiwango cha sehemu 1 kilirudi mwaka 1987, miaka tisa baada ya kutangazwa.

Hapa ndipo penye swali la kisiasa. Sayansi inapokuwa na shaka, nani aibebe? Mahakama ilimtaka mlinzi athibitishe hatari. Mwenye kiwanda hakutakiwa kuthibitisha usalama. Katikati yao alisimama mfanyakazi, akivuta pumzi.

Swali hilo si la ng'ambo tu. Tanzania ina Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003, na Kenya ina yake ya mwaka 2007. Hata hivyo, fundi gereji anayenawa mikono kwa petroli, ambayo ndani yake mna benzini, mara nyingi hana mwajiri rasmi, hana chama, wala mkaguzi hajui kibanda chake kilipo. Kumwambia afunike chombo, afungue dirisha, aweke jiko mbali na anawe kwa sabuni ni wajibu wetu, na maneno hayo hayagharimu kitu. Lakini elimu isiwe kisingizio cha dola kukwepa ukaguzi. Mansfield aliijua benzini vizuri, na bado ilimuua.

Mtumishi wa umma asomaye makala haya, safari nyingine utakapoletewa faili lenye maneno "ushahidi bado hautoshi", uliza kwanza: hautoshi kwa nani, na ni nani anayeugua wakati tunaungoja?