Mizinga ya Königsberg

Manowari ya Kijerumani Königsberg ilipoangamizwa katika delta ya Rufiji mwezi wa Julai 1915, mizinga yake kumi iliopolewa, ikatiwa magurudumu, ikapewa jeshi la Lettow-Vorbeck. Nguvu yake ilikuwa kubwa, lakini ilikokotwa kwa taabu na makundi ya wapagazi, hali salama ya jeshi lile ilikuwa wepesi wa miguu. Basi iliachwa au kuharibiwa mmoja mmoja. Novemba 1917 jeshi lilivuka mto Ruvuma bila hata mmoja wa hiyo, likapigana mwaka mzima zaidi. Mzinga mmoja uko Fort Jesus, Mombasa. Tuutazamapo, tusistaajabie chuma tu. Tuwakumbuke maelfu ya wapagazi waliokufa katika vita vile, ambao wengi wao hata majina hayakuandikwa.