Fidia Inayofuata Bendera: Hatari ya Ucheleweshaji kati ya Nairobi na Amsterdam

Tuseme abiria wawili wanaondoka Nairobi usiku mmoja kwenda Amsterdam, mmoja kwa ndege ya KLM, mwingine kwa ya Kenya Airways, na wote wanafika wakiwa wamechelewa kwa saa tano kwa sababu ya hitilafu ya mtambo. Wa kwanza anaweza kudai yuro 600 bila kuthibitisha hasara yoyote. Wa pili, kwa sheria ya Ulaya, hana dai. Yakiwakuta hayo hayo wakati wa kurudi, wote wawili wanastahili kulipwa.

Kanuni namba 261 ya mwaka 2004 humlinda kila anayeondoka kwenye uwanja wa Umoja wa Ulaya, bali anayekwenda huko humlinda tu akibebwa na shirika la umoja huo. Kinachotazamwa ni nani anayerusha ndege, si namba iliyo kwenye tiketi. Mashirika yanapouziana viti, kama yalivyofanya haya mawili kwa miaka mingi, mnunuzi huweza kupoteza ulinzi bila kujua.

Ajabu ni kwamba kanuni hiyo haikutaja fidia ya fedha kwa ucheleweshaji; ilitaja safari iliyofutwa na abiria aliyekataliwa kupanda. Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya ndiyo iliyoiongeza, Novemba 2009, katika shauri la Sturgeon: anayefika akiwa amechelewa kwa saa tatu au zaidi awe sawa na aliyefutiwa safari. Mwaka uliotangulia, katika shauri la Wallentin-Hermann dhidi ya Alitalia, mahakama ilisema hitilafu ya kiufundi kwa kawaida si udhuru. Uamuzi huu wa pili nauona kuwa mzito zaidi. Kuharibika kwa mtambo ni sehemu ya biashara ya kurusha ndege, na mwenye vipuri, mafundi na ratiba ni shirika. Abiria hana anachoweza kukifanya kuipunguza hatari hiyo; kwa nini basi aibebe yeye?

Aliyeachwa nje anabaki na Mkataba wa Montreal wa 1999, ambao Kenya na Tanzania ni wanachama wake. Kifungu cha 19 kinalitaka shirika lilipe hasara ya kuchelewa, isipokuwa likithibitisha kwamba lilichukua hatua zote za busara kuizuia. Tangu 28 Desemba 2024 kikomo ni vizio 6,303 vya fedha ya hesabu ya Shirika la Fedha la Kimataifa kwa kila abiria. Kinasikika kikubwa, lakini hicho ni kikomo tu. Abiria lazima athibitishe hasara yake na afungue shauri ndani ya miaka miwili. Mfanyabiashara aliyepoteza zabuni ataona faida ya kumlipa wakili. Mwanafunzi aliyelala sakafuni amepoteza usiku, na usiku hauna risiti.

Wapo wanaosema mashirika yetu ni machanga, na yuro 600 huweza kuzidi nauli yenyewe. Hawakosei kabisa: palipo na ndege kubwa chache, moja ikikwama huvuruga safari za siku kadhaa. Hata Ulaya, Juni 2025, mawaziri wa uchukuzi walikubaliana msimamo wa kupandisha kizingiti hadi saa sita kwa safari ndefu, jambo ambalo Bunge la Ulaya limelipinga. Lakini huo ni ubishi kuhusu kiwango. Jumuiya ya Afrika Mashariki inaweza kuweka chake, kwa mfano asilimia fulani ya nauli.

Je, Mkataba wa Montreal hauzuii kanuni ya namba hiyo? Chama cha mashirika ya ndege, IATA, kilidai hivyo dhidi ya kanuni ya Ulaya kikashindwa Januari 2006: Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya ilitofautisha msaada wa papo hapo, ulio sawa kwa wote, na madai ya hasara ya mtu mmoja mmoja. Uamuzi huo hauzifungi mahakama za Nairobi wala Arusha, na wakili wa shirika atalisema hilo mapema. Kwa hiyo ni salama kuanza na chakula, malazi na simu, wajibu ambao mwaka 2013 mahakama hiyo ya Ulaya ilikataa kuuondoa hata kwa majivu ya volkano yaliyofunga anga la Ulaya mwaka 2010.