Mkono wa Mwamuzi

Sheria ni msumeno, hukata mbele na nyuma. Methali hii yasemwa sana barazani, lakini ni wachache wafikirio kwamba msumeno haukati wenyewe. Hungoja mkono wa kuuvuta. Historia ya mchezo wa ngumi yatuonyesha jambo hilo waziwazi.

Wenyeji wa Mji wa Kale wa Mombasa walikuwa na shindano lao la ushujaa kabla ya glavu kufika pwani. Shindano hilo ni kirumbizi. Wanaume wawili huingia kiwanjani na fimbo, zumari na ngoma zikilia, na watu wamewazunguka. Mchezaji husifiwa kwa wepesi wa kushambulia na kukinga, wala si kwa kumwumiza mwenzake. Tena hutazamwa na jirani, na mjomba, na pengine baba mkwe. Akicheza vibaya, aibu humfuata mpaka nyumbani. Ngumi za glavu zilikuja pamoja na utawala wa Waingereza, zikaenea katika majeshi, polisi, na kumbi za mitaa kama ule wa Tononoka hapa Kisiwani. Katika mchezo huu hukutana watu wasiojuana, hata wa nchi mbalimbali. Macho ya jirani hayatoshi. Yahitajiwa sheria iliyoandikwa, na mtu mmoja wa kuisimamia.

Sheria hiyo iliandikwa Uingereza na John Graham Chambers, ikatangazwa mwaka 1867 kwa jina la Marquess of Queensberry. Kabla yake watu walipigana mikono mitupu, na ilikuwa halali kumkamata mwenzio na kumbwaga chini. Sheria mpya iliamuru glavu, raundi za dakika 3 na mapumziko ya dakika 1, ikakataza mieleka na kukumbatiana.

Mbona basi mabondia wangali wakikumbatiana? Ni kwa sababu mna faida ndani yake. Aliyechoka hupata pumzi. Aliyepigwa hata akaona kizunguzungu hupata nafasi ya kurudiwa na akili. Mwenye mikono mirefu humzuia mfupi asiingie kifuani pake. Mwamuzi huamuru waachane, na kosa likirudiwa aweza kuonya, kupunguza pointi, na mwishowe kumtoa mkosaji. Lakini je, mara ngapi ndizo nyingi? Mwamuzi ndiye asemaye.

Tuangalie Michezo ya Olimpiki ya mwaka 1968 mjini Mexico City. Mkenya Philip Waruinge alishindwa na Antonio Roldán wa Mexico katika nusu fainali kwa kura 3 kwa 2, akapata medali ya shaba. Hata hivyo alitunukiwa Kombe la Val Barker, alilokuwa akipewa bondia aliyeonyesha ufundi bora katika mashindano yote. Roldán akakutana na Mmarekani Albert Robinson katika fainali. Katika raundi ya 2 mwamuzi aliamua kwamba Robinson amempiga mwenzake kwa kichwa, akamtoa. Dhahabu ikawa ya Roldán. Wamarekani walilalamika kwamba halikuwa kosa la kusudi. Robinson alinyimwa hata medali ya fedha, akaja kupewa baadaye.

Sasa tulinganishe na pigano la tarehe 28 Januari 1974 mjini New York, baina ya Muhammad Ali na Joe Frazier. Frazier alikuwa mfupi, na nguvu zake zilikuwa katika kusogea karibu. Kila alipokaribia, Ali alimshika nyuma ya shingo na kumkumbatia. Mwalimu wa Frazier, Eddie Futch, alidai kwamba jambo hilo lilitendeka zaidi ya mara 100. Mwamuzi Tony Perez hakumpunguzia Ali hata pointi moja, na Ali akashinda. Ni kweli kwamba ngumi za ridhaa na ngumi za kulipwa hazina desturi moja. Hata hivyo, ni tofauti kubwa mno: mmoja kuondolewa kwa kichwa kilichogonga, na mwingine kuachwa ashike kwa raundi 12.

Tarehe 30 Oktoba mwaka uo huo, Ali alipigana na George Foreman mjini Kinshasa. Alijiegemeza kwenye kamba, akamshika Foreman shingo na kumwelemea hata nguvu zikamwisha, kisha akamwangusha katika raundi ya 8. Wengi waliisifu akili ya Ali, na ilistahili sifa. Lakini kushika shingo kulikuwa kosa bado, nalo halikuadhibiwa.

Futch hakusahau. Ali na Frazier walipokutana tena karibu na Manila, tarehe 1 Oktoba 1975, alimkataa Perez, na kazi akapewa Mfilipino Carlos Padilla. Huyu aliuondoa mkono wa Ali shingoni mwa Frazier tangu mwanzo. Ikawabidi wote wawili kupigana, na Ali akashinda vilevile, Futch alipomzuia Frazier asitoke kwa raundi ya 15. Ushindi huo hakuna awezaye kusema kwamba ulipatikana kwa kukumbatia.

Hapo ndipo penye funzo. Watu hudhani kwamba mwamuzi anyamazapo hampendelei yeyote. Sivyo. Sheria isiyotekelezwa humwadhibu yule aliyeitii, maana yeye ameiacha silaha ambayo mwenzake anaitumia. Kijana wa Kisiwani ajifunzaye ngumi hawezi kuchagua mwamuzi wake. Lakini kati yenu wasomaji wamo watakaopewa firimbi uwanjani, au kiti cha hukumu barazani. Huyo na aamue kabla ya mchezo kuanza lipi ni kosa, na adhabu yake ni ipi. Kisha asibadilike, awe ni shujaa wa mji au mgeni aliyeshuka melini jana.