Mashine Iliyoandika Bila Kumwita Mtu: Kumbukumbu za Kompyuta ya Ulinzi ya Jumba la Gardner, Boston, 1990, kama Chanzo cha Historia

Historia ya ulinzi wa majengo kwa njia ya kompyuta imezoeleka kusimuliwa kama historia ya vifaa: kufuli ikaipisha kadi, kurunzi ya mlinzi ikakipisha kihisi, daftari la zamu likaipisha diski. Masimulizi ya namna hiyo humwacha nje mtu aliyeketi mezani mbele ya skrini, ambaye ndiye hasa anayeuendesha mfumo. Makala haya yanamrejesha mtu huyo katika historia kwa kuchunguza usiku mmoja, ule wa kuamkia tarehe 18 Machi 1990, katika Jumba la Makumbusho la Isabella Stewart Gardner mjini Boston, Marekani. Usiku huo ziliibwa kazi 13 za sanaa, na wezi hawajawahi kufikishwa mahakamani. Kompyuta ya ulinzi ilikuwa ikifanya kazi muda wote. Iliandika nyendo za wezi chumba kwa chumba na dakika kwa dakika, na haikumwita mtu yeyote. Ninadai kwamba ukimya huo haukuwa hitilafu. Ndivyo mfumo ulivyokuwa umeundwa. Ninadai pia kwamba maandishi ya mashine ile, ambayo kwa miaka zaidi ya 30 yametumiwa kumtilia shaka mlinzi wa zamu, yanapaswa kusomwa kwa masharti yale yale ambayo mwanahistoria huyatumia kwa waraka wowote wa kale.

Kengele ya umeme ya kugundua wezi imeitangulia kompyuta kwa karibu karne nzima. Tarehe 21 Juni 1853 Augustus Russell Pope, mkazi wa Somerville, Massachusetts, alipata hataza ya kifaa ambacho mlango au dirisha likifunguliwa, mzunguko wa umeme hukamilika na kengele hulia. Mwaka 1857 haki za hataza hiyo zilinunuliwa na Edwin Holmes, ambaye baadaye aliihamishia biashara yake New York. Mchango mkubwa wa Holmes ulikuwa katika mpangilio kuliko katika ufundi. Hapo mwanzo kengele ililia ndani ya nyumba ileile iliyovamiwa, ikamwamsha mwenye nyumba, naye akabaki kukabiliana na mwizi ana kwa ana. Holmes alizivuta nyaya za wateja wengi hadi katika ofisi ya kati, ambako mtu aliye mbali na hatari alikesha akisubiri ishara. Kanuni iliyozaliwa hapo inaelezeka kwa maneno machache: anayepokea ishara asiwe mahali ambapo mwizi anaweza kumfikia. Kanuni hiyo ndiyo nitakayoitumia kuupima mfumo wa Gardner.

Mifumo ya kompyuta iliyoenea katika miaka ya 1970 na 1980 iliongeza kumbukumbu juu ya ishara. Vihisi vya milango na vya mwendo huunganishwa kwenye paneli, nayo paneli hupeleka taarifa kwenye kompyuta iliyopo katika chumba cha ulinzi. Kila tukio huandikwa mstari mmoja wenye saa, mahali na aina ya tukio. Mwendeshaji huusoma mstari huo, huthibitisha kwamba ameuona, kisha huamua: apuuze, amtume mwenzake akaangalie, au apige simu polisi. Kwa hiyo mfumo una sehemu mbili zinazochanganywa kirahisi, yaani kuandika na kuita. Kuandika hufanywa na mashine yenyewe. Kuita, isipokuwa pale palipotegwa njia ya moja kwa moja hadi nje, humngojea binadamu.

Jumba la Gardner lilifunguliwa mwaka 1903, na mwanzilishi wake, aliyefariki mwaka 1924, aliacha wosia kwamba mpangilio wa vyumba usibadilishwe. Wosia huo, pamoja na uhaba wa fedha, ulikuwa na uzito katika kila uamuzi wa ulinzi uliofuata. Mwaka 1982 Shirika la Upelelezi la Marekani, FBI, liligundua njama ya wahalifu wa Boston ya kuliibia jumba hilo. Uongozi ukaitikia kwa kufunga vihisi 60 vya mwendo vya miale ya infraredi na kamera nne kuzunguka nje ya jengo. Ndani hapakuwekwa kamera. Njia pekee ya kuita msaada kutoka nje ilikuwa kitufe kimoja cha dharura kwenye meza ya ulinzi. Mwaka 1988 mtaalamu wa nje aliukagua mfumo na kuuona kuwa unalingana na wa makumbusho mengi, ila akapendekeza maboresho. Bodi haikuyaidhinisha, wala haikukubali kuwaongezea walinzi mishahara, ambayo ilizidi kidogo tu kima cha chini cha kisheria.

Tukirudi kwenye kanuni ya Holmes, tunaona kilichotokea. Vihisi 60 vilizungumza na kompyuta moja, kompyuta ilizungumza na meza moja, na meza ile ilikuwa ndani ya jengo, hatua chache kutoka mlango ambao watu huingilia. Msikilizaji wa mbali aliyebuniwa katika karne ya 19 alikuwa ameondolewa, na nafasi yake haikujazwa na kitu. Baadhi ya makumbusho ya wakati huo yaliwataka walinzi wa usiku wapige simu polisi kila saa kueleza kwamba hali ni shwari, hata kama hakuna lililotokea. Utaratibu huo ni wa gharama ndogo mno, wala hauhitaji kompyuta, lakini una akili moja muhimu: hugeuza ukimya wenyewe kuwa kamsa. Gardner hawakuwa nao.

Kiswahili kina neno bawabu, kutokana na neno la Kiarabu la mlango, kwa maana ya mtu anayepokea na kuzuia wageni. Neno hilo linafafanua kazi ya mlinzi wa meza kuliko istilahi ndefu za sasa kama vile mwendeshaji wa mfumo wa udhibiti wa maingilio. Kitufe kinachofungua kufuli ya umeme kilikuwa mkononi mwake, na hakuna kihisi kilichoweza kumsaidia kujua aliyebisha ni nani.

Yafuatayo ni matukio ya usiku ule, na saa zote nimezigeuza katika hesabu ya Kiswahili. Panaposomeka saa 7:24, saa ya Boston ilikuwa 1:24. Wanaume wawili waliovaa sare za polisi wa Boston walibonyeza kengele ya mlango wa pembeni, ulio Palace Road, saa 7:24 usiku. Walisema wameitwa kuchunguza vurugu. Mlinzi wa meza, kijana wa miaka 23, alijua kwamba wageni wasiotarajiwa hawaruhusiwi, ila hakuwa na hakika kama katazo hilo liliwahusu polisi. Akawafungulia. Wakamtaka amwite mwenzake, ambaye hakuwahi kufanya zamu ya usiku katika jumba lile. Kisha mmoja wao akadai kwamba anamtambua yule kijana na kwamba ana hati ya kumkamata. Kijana akatoka nyuma ya meza. Kwa hatua zile chache kitufe cha dharura kilikuwa nje ya mkono wake, na mfumo mzima ukawa umebaki na kazi moja tu, ya kuandika. Walinzi wote wawili walifungwa kwa gundi ya utepe na kuachwa katika ghorofa ya chini ya ardhi hadi walipokutwa saa 2:15 asubuhi.

Mashine iliendelea. Saa 7:48 iliandika mwendo katika Chumba cha Kidachi, kilichokuwa na mchoro wa Vermeer wa watu watatu wakipiga muziki na ule wa Rembrandt wa dhoruba katika Bahari ya Galilaya, uliochorwa mwaka 1633. Karibu na michoro kilikuwapo kifaa kidogo kinacholia mtazamaji anaposogea mno. Kikalia, wezi wakakivunja. Mlango wa pembeni uliandikwa kufunguliwa saa 8:40, kisha saa 8:45. Dakika 81 zilikuwa zimepita tangu walipoingia. Kabla ya kuondoka walichukua kanda za video na karatasi za kumbukumbu zilizochapwa na printa. Hapa wezi walifanya kosa ambalo kila mtu aliyewahi kufanya kazi katika nyaraka atalitambua: waliteketeza nakala na kuiacha asili. Kumbukumbu ilikuwa katika diski ya kompyuta.

Kosa lao ndilo lililotupa chanzo hiki. Tunasoma nini ndani yake?

Kihisi cha infraredi hutambua badiliko la joto linalosababishwa na mwili unaopita mbele yake. Hakitambui uso, umri, sare wala nia. Mstari unaosema kwamba saa fulani palikuwa na mwendo katika chumba fulani ni ushahidi mzuri wa mwendo, na si ushahidi wa jambo lingine lolote mpaka mtu aje na jina. Sisemi hivi kwa ukaidi wa kinadharia. Suala zito kuliko yote katika kesi hii linategemea jambo hilo. Mchoro wa Manet uitwao Chez Tortoni ulitoweka kutoka Chumba cha Bluu katika ghorofa ya kwanza, na fremu yake ikakutwa juu ya kiti katika ofisi ya mkuu wa ulinzi. Hata hivyo, kwa dakika zote 81 kompyuta haikuandika mwendo wowote katika chumba hicho. Nyendo za mwisho zilizoandikwa humo ni za saa 6:27 na saa 6:53, wakati mlinzi yule kijana alipokuwa katika doria yake. Taarifa zilizochapishwa baadaye zinasema kwamba kihisi kilijaribiwa na kuonekana kinafanya kazi.

Kutokana na ukimya huo, wengi wamehitimisha kwamba aliyeuondoa mchoro ni mlinzi. Hitimisho hilo huenda ni sahihi. Mimi ninaona tu kwamba halikuandikwa na kompyuta. Mashine iliandika mwendo; kwamba mwendo ule ulikuwa wake ni jambo tunalolijua kutokana na ratiba ya doria na maelezo yake mwenyewe. Kwa maneno mengine, ushahidi unaoitwa wa mashine dhidi yake unasimama juu ya ushuhuda wake, ule ule ambao wanaomshuku wanaukataa katika mambo mengine yote. Aidha, jaribio lililofanywa baada ya tukio linathibitisha hali ya kihisi siku ya jaribio. Mlinzi huyo hakuwahi kushtakiwa. Simtaji kwa jina; jina lake limechapishwa mara nyingi mno, nami sioni linaongeza nini katika hoja.

Kuna mstari mwingine unaomgusa, na huu ninauona kuwa mzito zaidi. Muda mfupi kabla ya wezi kubisha, mlinzi aliufungua mlango ule wa Palace Road na kuufunga mara moja. Alieleza kwamba ilikuwa desturi yake, kuhakikisha kwamba umefungwa. Wapinzani wa maelezo hayo wamejibu kwamba kama ingekuwa desturi, wakubwa wake wangeiona katika karatasi za kila siku na kumkataza. Hii ni hoja nzuri ya kinyaraka, kwa kuwa inalinganisha waraka mmoja na mfululizo wa nyaraka zilizoutangulia. Udhaifu wake ni dhana kwamba karatasi zile zilisomwa. Mfumo unaoandika kila kitu huzalisha maandishi mengi kuliko macho yaliyopo, na mlinzi anayelipwa karibu na kima cha chini ana msimamizi ambaye naye ana kazi nyingine.

Wingi wa ishara una sura nyingine usiku uleule. Wakati wa doria, kabla wezi hawajafika, kengele za moto zililia, na paneli ikaonyesha moshi katika vyumba kadhaa. Mlinzi hakuona moshi wala moto, akaizima paneli. Waliomlaumu kwa hilo wangefaa kukumbuka ajali ya kituo cha nyuklia cha Three Mile Island, Pennsylvania, tarehe 28 Machi 1979. Kamsa zaidi ya 100 zililia katika dakika za mwanzo, bila njia ya kunyamazisha zile zisizo na maana, na printa ya kompyuta ilifika mahali ikawa nyuma ya matukio kwa zaidi ya saa mbili. Waendeshaji wale walikuwa wamesomea kazi yao. Anayepokea kamsa za uongo mara kwa mara hujifunza kuzizima, na kujifunza huko ni sehemu ya historia ya mfumo sawa na nyaya zake.

Kuhusu usiku wenyewe wa wizi, video haipo. Iliyosalia ni ya usiku uliotangulia, na mwezi Agosti 2015 waendesha mashtaka wa serikali kuu ya Marekani waliitoa hadharani. Inaonyesha gari likisimama nje, na mtu akifunguliwa mlango uleule wa Palace Road muda mfupi kabla ya saa 7 usiku, takribani saa 24 kabla ya wezi kufika. Umeme uliofungua kufuli, kamera na saa vilikuwa vimefanya kazi yao yote. Miaka 25 baadaye, wananchi waliombwa waseme mtu yule ni nani.