Malipo Ndani ya Wimbo: Jioni za Nyatiti na Gitaa Kavu Jijini Nairobi

Utangulizi

Tarehe 24 Oktoba 1968 wasomi watatu wa Chuo Kikuu Kishiriki cha Nairobi, yaani Ngũgĩ wa Thiong'o, Henry Owuor-Anyumba na Taban lo Liyong, walitoa waraka wakitaka Idara ya Kiingereza ivunjwe na mahali pake pachukuliwe na idara ambayo ingeiweka Afrika kitovuni. Fasihi simulizi ilikuwa miongoni mwa nguzo za hoja yao. Katika watatu hao Owuor-Anyumba ndiye aliyekuwa ameshughulikia muziki kwa karibu zaidi. Mwaka 1964 alikuwa amekwisha kuchapisha uchunguzi wake kuhusu nyimbo za maombolezo zinazoimbwa kwa nyatiti. Vizazi vya wanafunzi vilivyofuata vimetumwa nyanjani na vinasa sauti, vikarudi na nyimbo, vikaziandika, vikazitafsiri na kuzihakiki. Shehena iliyopatikana ni kubwa, na hakuna anayestahili kuibeza.

Hata hivyo, makala haya yanadai kwamba kuna jambo moja ambalo mara nyingi lilibaki nje ya daftari. Wahakiki wa Kiswahili wa miaka ya 1980, Ndyanao Balisidya miongoni mwao, walisisitiza kwa haki kwamba fasihi simulizi haiwi ila pale fanani, hadhira, tukio, mahali na wakati vinapokutana. Fedha hutajwa kwa nadra katika mijadala ya namna hii, na inapotajwa huwekwa katika fungu la uchumi wa wasanii, kana kwamba ni jambo linalotokea baada ya wimbo kwisha. Sisi tunashikilia kwamba nani anamlipa nani, na katika nukta gani ya utendaji, ni suala la umbo la wimbo wenyewe. Historia ya jioni za muziki wa nyuzi katika Nairobi, kuanzia vitongoji vya magharibi hadi bustani za katikati ya jiji, inalidhihirisha hilo vizuri kuliko tulivyotarajia tulipoanza kazi hii.

Mkatizo kama kanuni

Tuanze na nyatiti, zeze la Wajaluo lenye nyuzi nane. Jathum, mpigaji wake, huketi juu ya kigoda kifupi, chombo kikiwa kimelazwa mbele yake. Kwenye kidole gumba cha mguu huvaa pete ya chuma, oduong'o, ambayo huigonga kwenye ubao wa chombo ili kutunza mapigo. Mguuni hufunga njuga ziitwazo gara. Kwa hiyo mtu mmoja huwa mwimbaji, mpiga nyuzi na mpiga ngoma kwa pamoja. Mazingira yake ya asili yalikuwa matanga na mikusanyiko ya pombe, na saa yake ilikuwa jioni kuendelea hadi usiku mkuu, uani, watu wakiwa wamemzunguka.

Ndani ya mazingira hayo kuna utaratibu uitwao pakruok. Msikilizaji huinuka, hutoa fedha, na kwa malipo hayo hupata haki ya kumsimamisha mpigaji. Nyuzi hunyamaza au hushushwa, naye hujitapa: hutaja jina lake, nyumba aliyozaliwa mama yake, rafiki zake, mahali alikofika, pengine na mpenzi wake kwa mafumbo. Akimaliza, jathum huendelea, na aghalabu majina yaliyotajwa huyafuma ndani ya ubeti unaofuata. Msikilizaji mwingine naye akiona jirani yake ametukuzwa, hainuki kwa sababu ameupenda wimbo tu. Huinuka kwa kuwa amechokozwa.

Utaratibu huu unapaswa kumsumbua mhakiki. Tukiuondoa mkatizo, hatubakiwi na wimbo safi uliokuwa ukivurugwa na walevi. Tunabakiwa na mifupa. Beti hujengwa kwa kutazamia kukatizwa. Urefu wa utendaji hautokani na mtunzi peke yake bali na mifuko ya waliohudhuria, na majina yanayojaza mishororo yametolewa na wale wale wanaosikiliza. Msikilizaji ni mtunzi mwenza, na fedha ndiyo kalamu yake. Kwa msomaji wa pwani, mfano wa karibu ni kutuza katika taarabu, ambako mtu huinuka akampelekea mwimbaji noti huku akicheza. Lakini tofauti ni kubwa. Anayetuza hausimamishi wimbo wala haongezi neno. Hutangaza tu kwamba fumbo lililoimbwa amelifanya lake, na aliyekusudiwa ajijue. Katika taarabu malipo humiliki maneno yaliyokwisha kutungwa; katika pakruok malipo huzaa maneno mapya.

Gitaa kavu na dakika tatu

Gitaa lisilo la umeme, ambalo Wakenya wamezoea kuliita gitaa kavu, lilipata makao yake mashuhuri zaidi magharibi mwa nchi, na huko ukazaliwa mtindo wa omutibo unaohusishwa hasa na George Mukabi. Vidole viwili au vitatu vilitosha kuendesha besi na wimbo kwa wakati mmoja. Mwenziwe mpigaji alishika chupa ya Fanta, ile ya zamani yenye mikunjo shingoni na ubavuni, akaikwaruza na kuigonga kwa chuma. Mukabi alifariki mwaka 1963 akiwa bado kijana, lakini nyimbo zake za Kiswahili zilikuwa zimekwisha kuenea mbali na Kisa kwao. Kwa upande mwingine kulikuwa na athari ya Katanga: Jean-Bosco Mwenda, ambaye Hugh Tracey alimrekodi mwaka 1952, alikuja kukaa Nairobi kwa muda, akasikika redioni, na wapigaji wengi wa Kenya walijifunza kwa kuyafuatisha masikio yao kwenye vidole vyake.

Kwa nini wengi wao waliimba Kiswahili na si lugha zao za mama? Jibu la kawaida ni soko: santuri ya Kiswahili iliuzika kutoka Mombasa hadi Kampala. Jibu hilo ni sahihi lakini halitoshi. Kiswahili kilikuwa pia lugha ya hadhira isiyojuana. Uani kwa mtu, kutaja nyumba ya mama yake fulani kunaeleweka na kila aliyeko; mbele ya wapangaji wa jiji waliotoka wilaya kumi, hakueleweki. Hivyo majina mahususi yakapungua, na nafasi yake ikachukuliwa na mpenzi asiye na ukoo, mtoto asiyetii, mji unaopoteza watu.

Kisha ikaja studio. Santuri za mizunguko 78 kwa dakika zilibeba takriban dakika tatu kila upande. Hakuna pakruok inayoweza kuingia katika dakika tatu. Kwa maana hiyo santuri ndiyo iliyokuwa nakala ya kwanza iliyohaririwa, kabla mwanafunzi yeyote hajaandika neno, na anayehakiki wimbo kwa kutegemea santuri peke yake anahakiki utendaji ambao nusu ya watunzi wake walizuiwa mlangoni. Kawaida yenyewe haikufa, ila ilibadili njia. Katika benga, iliyotamalaki tangu miaka ya 1960, majina ya wafadhili na marafiki hutajwa wazi katikati ya wimbo. Mwenye fedha aliyekuwa akiinuka uani sasa alipata kutajwa ndani ya santuri, lakini yeye mwenyewe hasikiki. Ametukuzwa, na papo hapo amenyamazishwa.

Usiku wa nani?

Hapana budi kuuliza pia jioni hizo zilifanyikia wapi katika jiji ambalo usiku wake haukuwa wa kila mtu. Nairobi ya kikoloni iligawa makazi kwa rangi: Wazungu walijitwalia sehemu kubwa ya miinuko ya magharibi, Wahindi wakawa na Parklands na Ngara, Waafrika wakasukumwa mashariki. Kipande kiliwafuata wanaume wa Kiafrika kuanzia mwisho wa Vita vya Kwanza vya Dunia. Hali ya Hatari iliyotangazwa Oktoba 1952 ilileta amri za kutotoka nje usiku, na msako mkubwa wa Aprili 1954 uliwakumba Wakikuyu, Waembu na Wameru kwa maelfu. Nafasi zao za kazi zilijazwa kwa sehemu kubwa na Wakamba, Waluhya na Wajaluo. Ni jambo chungu kulisema, lakini historia ya gitaa kavu jijini haitengeki na msako huo. Muziki wa mchana wa Jumapili na ule wa ndani ya kumbi za mitaa, kama Pumwani na Kaloleni, ulipewa nguvu na marufuku ya usiku.

Upande wa magharibi, Kangemi na Kawangware zilikuwa nje ya mipaka ya jiji hadi mipaka hiyo ilipopanuliwa mwaka 1963. Ukaribu wake na nyumba za Lavington na Westlands, walikofanya kazi wapishi, watunza bustani na walinzi, uliifanya mitaa hiyo kuwa mahali pa watu kurudi jioni na kuwa na jina tena. Tunaamini, ijapokuwa hili ni kisio letu, kwamba nguvu ya kujitapa kwa jina katika mikusanyiko ya mitaa hiyo haiwezi kufahamika bila kukumbuka kwamba anayejitapa ameshinda akiitwa «boi».

Kiingilio

Baada ya uhuru utendaji ulihamia penye lango. Bomas of Kenya ilianzishwa na serikali mwaka 1971 huko Lang'ata ili kuhifadhi na kuonyesha ngoma za makabila yote, ikiwa na ukumbi wa duara unaochukua maelfu ya watazamaji. Huko kikundi kimoja cha wachezaji hutenda ngoma za jamii mbalimbali kwa zamu, na mtazamaji hulipa kabla hajasikia lolote. (Kejeli ya historia ni kwamba Wakenya wengi wakisikia «Bomas» hukumbuka kwanza mkutano wa katiba wa 2003 na 2004, au kuhesabiwa kwa kura za urais.) Katikati ya jiji, jumba la African Heritage lililoasisiwa na Joseph Murumbi na Alan Donovan lilikuwa na bendi yake, na humo alikuwamo Job Seda, ambaye dunia ilimjua baadaye kama Ayub Ogada.

Kisa cha Ogada kinafaa hoja yetu. Mwaka 1986 alikwenda Uingereza, akapiga nyatiti katika vituo vya reli ya chini ya ardhi ya London ili apate riziki, na mwaka 1993 albamu yake En Mana Kuoyo ikatoka. Alifariki mwaka 2019. Katika vituo vile malipo yalirudi ndani ya wimbo kwa namna ya ajabu: mpita njia alitoa sarafu wakati nyuzi zinalia. Lakini hakusimama, hakutaja jina, wala hakungoja kutajwa. Fedha ilikuwapo pasipo neno.

Tangu mwanzo wa karne hii zimeshamiri jioni za bustanini. Bustani ya Alliance Française katika barabara ya Loita imewapokea wapigaji wengi wa nyuzi, na mwaka 2008 Muthoni Ndonga alianzisha Blankets and Wine, mandari ya muziki ambayo ilivuta vijana wenye mablanketi na vikapu hadi viwanja vya upande wa Karen na Lang'ata. Anayedhani hizi ni jioni za joto hajakaa Nairobi: mji uko kama mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na mwezi Julai jua likizama hata mpenda muziki hutafuta koti. Katika jioni hizi kiingilio kimekwisha kulipwa, nao utaratibu ni wa kunyamaza na kupiga makofi. Nyimbo tulizozisikia huko huelekea nafsi ya kwanza umoja. Mwimbaji husimulia maumivu yake, naye msikilizaji hujitafuta humo kimyakimya, kama msomaji wa diwani.

Ingekuwa rahisi kulaumu lango, na wapo wanaolilaumu. Lakini nyatiti ilikuwa chombo cha wanaume, na ua wa matanga haukumngoja mwanamke aketi kwenye kigoda kile. Suzanna Owiyo, aliyevuma kwa wimbo wake wa kuadhimisha miaka 100 ya mji wa Kisumu mwaka 2001, alikipata kigoda hicho jukwaani, mbele ya hadhira ambayo haikuwa na mamlaka ya kumsimamisha. Haki ya kukatiza ilikuwa pia haki ya kumzuia mtu. Wanaotaka pakruok irudishwe bustanini hawana budi kulijibu hili, na hadi sasa hatujasikia jibu la kuridhisha.

Miaka kadhaa iliyopita tulihudhuria jioni ya namna hii katika bustani moja ya katikati ya jiji. Wimbo wa nne ulipoanza, mzee mmoja aliinuka kutoka safu ya nyuma, akaenda mbele ameshika noti iliyokunjwa, akanyoosha mkono kwa mpigaji. Kijana mmoja wa ulinzi alimshika bega kwa upole, akamrudisha kitini. Mpigaji aliona, akainamisha kichwa, akaendelea. Onyesho lilipokwisha tulimkuta mpigaji huyo kwenye maegesho, ameketi juu ya sanduku la spika, nyatiti mbele yake, na yule mzee amesimama akijitapa: jina lake, kwao mama yake, kazi aliyostaafu, marafiki wawili waliokwisha kufa. Wapishi na madereva walikuwa wamewazunguka. Mambo hayo yalidumu kama robo saa. Katika daftari letu mlikuwa na maneno ya nyimbo tisa zilizoimbwa jukwaani, na kinasa sauti tulikuwa tumekwisha kukizima.