Jicho la Kiwandani: Vihisi vya Mwanga na Chai ya Rungwe

Katika maandishi ya historia ya viwanda, jina la Kiwira limeambatana na makaa ya mawe, hususan mgodi uliozinduliwa mwaka 1988 kwa msaada wa China. Chai ya vilima vya Rungwe, inayosindikwa Katumba na Mwakaleli, haijapewa uzito huo, ingawa imelisha kaya nyingi zaidi. Insha hii inaichunguza kwa swali moja: kwa nini kazi ya jicho katika usindikaji wa chai imechelewa kukabidhiwa kihisi cha mwanga, ilhali elimu yake ina umri wa karne moja na nusu?

Elimu hiyo ilitokana na simu ya maandishi. Mwaka 1873 Mwingereza Willoughby Smith, akipima nyaya za baharini, alibaini kuwa seleniamu hupitisha umeme zaidi inapomulikwa. Miaka sita baadaye waya wa baharini ulifika Unguja kutoka Aden, lakini seleniamu haikuwa bado na kazi shambani. Katika miaka ya 1930 Wamarekani walianza kuchambua maharage kwa mashine: punje humulikwa, kihisi hulinganisha rangi, na iliyoharibika hutolewa. Kahawa ilifuata.

Chai ilikuwa na njia rahisi. Nyuzi za vikonyo huondolewa kwa rola za plastiki zilizosuguliwa hadi zikapata umeme tuli. Rola huvuta nyuzi na kuacha jani. Kifaa hicho hakihitaji kuona chochote.

Ugumu uko kwenye uchachushaji. Jani lililosagwa hugeuka kutoka kijani hadi rangi ya shaba, kwa kawaida ndani ya saa moja hadi mbili. Likikaushwa mapema, chai hubaki na ukakasi wa jani bichi. Likichelewa, hupoteza uchangamfu wake kinywani. Mwamuzi ni mtu mzoefu, kwa macho na pua. Akikosea, bei ya mnadani hushuka, na hasara humfikia mkulima mdogo ambaye hakuwamo chumbani.

Mwaka 2020 watafiti, wakiwemo wa Chuo Kikuu cha Rwanda, walichapisha njia ya kutambua hatua hiyo kwa picha za chai ya Kenya. Kamera ni vihisi vingi vya mwanga vilivyopangwa pamoja. Hata hivyo, ilibidi kwanza wajuzi wa chai waseme ipi imeiva na ipi imepitiliza. Kihisi kilianza kazi kwa kuazima jicho lilelile.